Neno la Huzuni na Msikilizaji Wake: Uhakiki juu ya Raha na Simanzi katika Riwaya za Kiswahili, Ukitazamwa kutoka Mlima Meru

Imekuwa desturi ya wahakiki wa fasihi ya Kiswahili, tokea zamani hata leo, kuuliza kwanza kitabu kinafundisha nini. Swali hilo si baya. Waandishi wetu wakubwa wenyewe walilitaka. Walakini lina kasoro moja, nayo ni kwamba humharakisha msomaji. Kabla mhusika hajamaliza kulia, msomaji amekwisha kutafuta funzo la machozi yake. Katika makala haya nataka kuweka mbele ya wasomaji swali jingine, ambalo kwa maoni yangu hulitangulia lile la kwanza: mtu mwenye huzuni anaposema ndani ya vitabu vyetu, je, yuko amsikilizaye? Na kama hayupo, upungufu huo ni wa lugha, au ni wa mwandishi, au ni wetu sisi tusomao?

Swali hili sikulipata maktabani. Lilinijia nilipokuwa mgeni katika kijiji kimoja cha upande wa Usa River, chini ya Mlima Meru, mahali ambapo nyumba zimefichwa na migomba na mibuni. Kijana mmoja aliyekuwa amerudi kutoka mjini Arusha alipita mbele ya nyumba tulimokuwa tumeketi. Akamwamkia mama mwenye nyumba, “Shikamoo mama.” “Marahaba mwanangu, hujambo?” “Sijambo mama.” Yule mama akamtazama kidogo, kisha akamwuliza, “Sijambo ya mdomoni au ya moyoni?” Kijana akacheka, akataka kwenda zake, halafu akasimama, akasema kwa sauti ndogo, “Ya mdomoni, mama.” Akavutiwa kigoda, akaketi. Mimi niliondoka pale kwa adabu, maana yaliyofuata hayakuwa yangu kuyasikia.

Tangu siku ile nimekuwa nikizisoma upya riwaya zetu nikimtafuta yule mama ndani yake. Mara nyingi sikumwona.

SALAMU NA MLANGO WAKE

Tuanze na salamu yenyewe. Wageni wengi waliojifunza Kiswahili wamelalamika kwamba salamu zetu hazisemi kweli. Mtu aliyefiwa huulizwa hali, naye hujibu “nzuri”. Mgonjwa hujibu “sijambo” akiwa juu ya kitanda. Lalamiko hili latokana na kutoitazama sarufi vizuri. Neno “jambo” katika salamu hii lina maana ya shauri, tatizo, au neno zito. “Hujambo?” ni kuuliza, huna jambo? Na “sijambo” ni kukanusha, sina jambo. Basi lugha yenyewe, katika neno la kwanza kabisa watu wawili wanapokutana, imekiri kwamba mtu aweza kuwa na jambo. Haikuanza na raha; imeanza na uwezekano wa taabu.

Tena jibu la salamu aghalabu si mwisho wa mazungumzo. Msikilize mtu wa Arusha sokoni Tengeru au Kilombero: “Nzuri, ila…” Au: “Nzuri tu.” Au: “Namshukuru Mungu.” Hizi “ila” na “tu” ni vineno vidogo, lakini kazi yake ni kubwa; ni mlango ulioachwa wazi kidogo ili mwenye kupenda kuingia aingie. Mwenye haraka hupita, wala hajavunja adabu. Mwenye nafasi huuliza, “Ila nini?” Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba Kiswahili huficha huzuni. Kiswahili humpa msikilizaji hiari, na humpa pia neno la kuanzia kazi yake, yaani “pole”, neno ambalo halitoi shauri wala hukumu, bali humwambia mtu kwamba taabu yake imeonekana.

Yafaa kukumbuka jambo hili tunapohakiki, kwa sababu mazungumzo ya kweli juu ya maisha ya moyo huanza katika vineno hivi, wala hayaanzi katika hotuba. Mwandishi asiyeyasikia “ila” na “tu” atawapa wahusika wake hotuba ndefu za huzuni ambazo hakuna mtu aliye hai anayezisema.

MANENO YA RAHA NA MANENO YA MARADHI

Msamiati wetu wa raha umetoka kwa sehemu kubwa katika Kiarabu: raha, furaha, heri, ridhaa, anasa. Kila neno lina mpaka wake. Raha ni pumziko na wepesi wa mwili na moyo. Furaha ni mchangamko unaokuja na kuondoka. Heri ni baraka ambayo mtu hupewa zaidi ya kuitafuta. Ridhaa ni kuridhika na kilichopo. Msamiati wa huzuni nao ni mpana, na humo maneno ya Kibantu yamekaa pamoja na ya kigeni: huzuni, simanzi, majonzi, jitimai, ukiwa, uchungu, kusononeka. Tukiongeza semi za moyo (moyo mzito, kuvunjika moyo, kujipa moyo), twaona kwamba hatuna njaa ya maneno.

Njaa yetu iko mahali pengine, nayo ni katika maneno ya maradhi ya akili. Hapa lugha ya kila siku ilikuwa na maneno makali tu: wazimu, kichaa, mwehu, punguani. Maneno haya yote humweka mtu nje ya kundi la watu wenye kusikilizwa. Mwenye uchungu husikilizwa. Mwenye wazimu hufungwa au hufukuzwa. Kati ya hizo pande mbili hapakuwa na daraja. Ndiyo maana nalisifu neno “sonona”, ambalo wataalamu wa afya wa Tanzania wamelitumia kuutaja ule ugonjwa wa huzuni isiyoondoka. Ni neno la zamani la lugha, ndugu wa kusononeka, nalo limepewa kazi mpya bila ya kuvunjwa mifupa. Mtu akiambiwa ana sonona, huelewa kwamba yaliyompata ni yale yale yanayowapata watu wengine, ila yamezidi kipimo. Wataalamu wa Muhimbili nao, akiwamo Sylvia Kaaya, walitoa mwaka 2002 uchunguzi juu ya uhalali wa orodha ya maswali ya kupimia huzuni na wasiwasi kwa wajawazito wenye virusi vya UKIMWI. Kazi kama hiyo ni ya tiba, lakini ndani yake mna kazi ya lugha. Maana swali moja likitafsiriwa kwa neno baridi, mgonjwa atajibu “sijambo” na karatasi itaandika kwamba yu mzima.

Hatari ya tafsiri yaonekana zaidi katika vipimo vya raha ya mataifa. Katika Ripoti ya Furaha Duniani ya mwaka 2017, Tanzania iliwekwa nafasi ya 153 kati ya nchi 155. Habari hiyo iliwashangaza wengi, na baadhi ya watu waliicheka wakisema kwamba Watanzania ni watu wachangamfu. Walakini waliocheka hawakulisoma swali. Watu hawakuulizwa kama wana furaha. Waliambiwa wafikiri ngazi yenye vidato kutoka 0 chini hadi 10 juu, kidato cha juu kikiwa maisha bora kabisa wanayoweza kuyapata na cha chini maisha mabaya kabisa; kisha wakaulizwa wamesimama kidato gani. Swali hili lina jina la mtaalamu wa Marekani, Hadley Cantril, aliyelieneza kwa kitabu chake cha mwaka 1965. Basi linalopimwa hapa si raha wala furaha. Ni umbali kati ya mtu alipo na pale anapodhani angeweza kufika. Kuliita jibu hilo “furaha” ni kosa la msamiati kabla ya kuwa kosa la hesabu.

Na sura yenyewe ya ngazi haina maana moja kila mahali. Mkazi wa Meru huutazama kila asubuhi mlima wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, na ajua kwamba maisha hayako kileleni. Kileleni mna majivu, mawe na baridi. Udongo mzuri, maji na migomba viko katikati na chini. Sisemi haya ili kuukana umaskini. Mtu aliyejibu kwamba yuko kidato cha tatu alikuwa na neno zito la kusema, na yatupasa kulisikia. Nasema tu kwamba namba yake ni “sijambo” nyingine. Ni mlango, na hakuna aliyeuliza, “Ila nini?”

SHAABAN ROBERT NA RAHA IPATIKANAYO KWA TABIA

Sasa tuingie vitabuni. Shaaban Robert (1909–1962) ndiye mwandishi wetu aliyeishughulikia raha kuliko wote. Riwaya yake Utubora Mkulima, iliyotolewa mwaka 1968 baada ya kufa kwake, yasimulia habari za mtu aliyeacha kazi ya mshahara mjini akaenda shamba, mahali paitwapo Busutamu, akaishi kwa jembe na kwa utulivu. Kitabu kilipotokea, Azimio la Arusha lilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na ilikuwa rahisi kwa wasomaji kukisoma kana kwamba kiliandikwa kwa ajili ya Azimio hilo. Azimio lilitaka watu wategemee ardhi na kazi ya mikono. Utubora alikuwa amekwisha kufanya hivyo.

Uzuri wa kitabu hiki ni kwamba chaitazama raha kuwa kazi. Raha ya Utubora haimwangukii kutoka mbinguni, wala hainunuliwi; yapatikana kwa mpango wa siku, kwa kiasi, kwa ujirani. Mtu yeyote aliyewahi kumwuguza mwenye sonona atakubali kwamba humo mna hekima. Walakini kitabu kina upungufu ambao yafaa kuutaja kwa heshima. Ndani yake tabia njema na moyo mtulivu vimefungwa pamoja mno, hata msomaji aweza kudhani kwamba mwenye kukosa utulivu amekosa tabia. Majina yenyewe ya wahusika na mahali yasema hivyo mapema: mtu ni utu bora, mahali ni utamu. Je, mtu mwema aliyelemewa na huzuni atakwenda kijiji gani? Katika ramani ya kitabu hiki hajatengewa mahali.

Ajabu ni kwamba Shaaban Robert mwenyewe alilijua jibu. Katika Maisha Yangu, na katika tenzi na mashairi ya maombolezo, hasa lile la mkewe Amina, tunakutana na mtu mwema asiye na utulivu, mtu aliyeachwa na watoto na upweke. Hapo hajifundishi kwanza, aomboleza kwanza. Ningependa kusema kwamba mshairi alimsikiliza mwenye huzuni vizuri zaidi kuliko mwandishi wa riwaya, ingawa walikuwa mtu mmoja. Sababu yake, kwa maoni yangu, ni kwamba mapokeo ya ushairi wetu yalikuwa na utanzu uliokwisha kutengenezwa kwa ajili ya kilio, na wasikilizaji wake waliujua wajibu wao. Riwaya ilikuwa ngeni, nayo ilivaa kanzu ya mwalimu.

BARUA MBILI ZA KEZILAHABI

Aliyeivua kanzu hiyo ni Euphrase Kezilahabi (1944–2020), mzaliwa wa Ukerewe. Riwaya zake mbili za kwanza, Rosa Mistika (1971) na Kichwamaji (1974), zote mbili zina mhusika mkuu anayejiua. Hapana budi kukumbuka lilikuwa jambo zito kiasi gani kwa mwandishi wa Kiswahili wa wakati ule kufanya hivyo, nchi ikiwa katika shangwe ya kujenga taifa. Wahakiki wengi walimlaumu kwa kukata tamaa. Wengine walimtafutia walimu katika falsafa ya Ulaya. Nadhani wote walikuwa na haraka. Walimwuliza anafundisha nini, na waliposikia kwamba hafundishi matumaini, wakafunga kitabu.

Tusome kwa swali letu, tuone. Mwanzoni mwa Rosa Mistika iko barua. Kijana amemwandikia Rosa. Baba yake, Zakaria, mlevi na mkali, ailipiza barua hiyo kwa kipigo. Katika uhakiki wa kawaida tukio hili husemwa ni mfano wa malezi mabaya, na kwa hakika ni hivyo. Lakini tutazame kwa makini kilichoadhibiwa. Rosa hajatenda kitu. Kilichoadhibiwa ni neno: moyo mmoja umeandikia moyo mwingine, na neno hilo limelipiwa kwa fimbo. Tangu hapo Rosa ajifunza kwamba mambo ya moyo hayasemwi nyumbani. Anapokwenda shuleni na baadaye chuoni, hana lugha ya kusema hofu yake wala tamaa yake. Na anapokuja kukataliwa na yule aliyetaka kumwoa, hana mtu wa kumwendea. Kifo chake chaitwa na wengi adhabu ya uasherati. Mimi nakiona kuwa mwisho wa ukimya ulioanza siku ile ya barua.

Katika Kichwamaji barua imehamia upande wa pili. Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu, mtu wa maneno mengi na fikira kali. Yeye ndiye msimulizi, nasi twasikia kila linalopita kichwani mwake. Asema kwetu; hasemi kwa mtu yeyote ndani ya hadithi. Baba yake haielewi lugha ya elimu yake. Rafiki yake Manase ni sehemu ya msiba wake. Na Sabina, mkewe, apendwa lakini hajulishwi. Mwishoni Kazimoto ajiua, na neno lake la mwisho huja kwa maandishi, baada ya wakati ambapo lingeweza kujibiwa kupita. Rosa aliadhibiwa kwa barua aliyoandikiwa. Kazimoto aacha barua asiyoweza kujibiwa. Kati ya barua hizi mbili iko habari nzima ya huzuni isiyokuwa na msikilizaji.

Kwa sababu hii sikubali kwamba Kezilahabi alihubiri kukata tamaa. Yeye ndiye wa kwanza katika riwaya yetu kuiacha huzuni iseme mpaka mwisho bila ya kuikatiza kwa wasia. Alituonyesha pia, pengine bila ya kukusudia, nini hutokea inapoachwa iseme peke yake. Lawama yangu kwake ni ndogo, nayo ni ya kisanaa. Amewafanya watu wote wanaomzunguka Kazimoto kuwa viziwi mno. Ukerewe kama Meru, hapakosi mama mmoja mwenye kuuliza, “Ya mdomoni au ya moyoni?” Kazimoto angeweza kumkuta mtu huyo na bado akamkataa, na msiba huo ungekuwa mkubwa zaidi na wa kweli zaidi. Kwa maana wanaofanya kazi na wagonjwa hutuambia kwamba mara nyingi msikilizaji yuko, ila mwenye sonona hawezi kuiamini sauti yake.

BARAZA LA MLIMANI

Hapa yafaa kurudi Meru, kwa kuwa watu wa mlima huu wana mengi ya kutufunza juu ya kusikilizana, mema na mabaya. Upande wa magharibi wakaa Waarusha, wasemao Kimaa lakini wakulima. Upande wa mashariki wakaa Wameru, ambao lugha yao ni ya Kibantu, jirani wa Kichaga. P. H. Gulliver, mtaalamu wa elimu ya jamii, alitoa mwaka 1963 kitabu juu ya Waarusha, naye alieleza kwamba watu hawa, bila ya kuwa na watawala wenye nguvu, walimaliza magomvi yao kwa kuzungumza: katika ukoo, katika rika, na katika baraza la mtaa waliloliita engigwana. Jambo halikuhesabiwa kwisha kwa kuwa hakimu amesema. Lilikwisha pale pande mbili zilipokubali. Mtu alikwenda barazani pamoja na watu wake, na rika lilikuwa na haki ya kumwuliza mwenzao yaliyomo moyoni.

Ni rahisi kuyasifu mambo haya na kusema kwamba tumepoteza dawa ya wazee. Lakini uhakiki wa haki lazima uulize pia nani hakuwa na sauti katika baraza lile. Lilikuwa baraza la wanaume. Na katika nchi za Kimaa zinazopakana na Arusha, tangu katikati ya karne ya ishirini, wanawake wengi walipatwa na hali iliyoitwa orpeko: kutetemeka, kudhoofika, kusema maneno yasiyo yao. Dorothy Hodgson ameyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 2005, na kabla yake Arvi Hurskainen wa Helsinki, ambaye sisi wanalugha twamjua zaidi kwa kazi yake ya kukiingiza Kiswahili katika kompyuta, alikuwa ameuchunguza mwenendo wa kuenea kwa hali hiyo. Sikio la Mswahili halikosi kusikia pepo ndani ya neno orpeko. Wanawake wengi walisema walipata nafuu kwa kubatizwa na kwa kuimba pamoja na wenzao kanisani. Wataalamu wa dini na wa tiba watabishana juu ya sababu; hilo si shauri langu. Mimi nalitazama kama mhakiki: palipokosekana baraza la kusema “nina uchungu”, uchungu ulijitafutia msemaji mwingine, na nafuu ilikuja pamoja na kundi la watu waliokubali kukaa na mgonjwa.

Upande wa Wameru nao wana kumbukumbu yao. Mwezi wa Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili ardhi ipewe walowezi wafugaji. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hata Umoja wa Mataifa huko New York, akifuatana na wakili Earle Seaton, kuueleza ulimwengu msiba huo. Na mwaka 1967 watu hao wawili walitoa kitabu chao cha Kiingereza juu ya kesi hiyo. Huo ni mfano mkubwa wa watu waliotafuta msikilizaji mbali sana na nyumbani. Lakini tanzu za maneno zina masharti yake. Ombi la kisheria huhesabu eka, ng'ombe na nyumba zilizochomwa. Haliwezi kuhesabu usiku wa kwanza chini ya mti, wala mzee aliyenyamaza tangu siku ile. Hiyo ndiyo kazi ya riwaya na ya ushairi. Kumbukumbu za kesi zimehifadhiwa. Kumbukumbu za moyo zilikaa na wenyewe, na wenyewe wanapungua kila mwaka.

PINGAMIZI NA WITO

Wako watakaonipinga kwa kusema kwamba riwaya si hospitali, na mwandishi hana deni la kumtafutia mhusika wake mfariji. Nakubali. Sitaki riwaya ziandikwe ili kuponya. Riwaya iliyoandikwa ili kuponya hurudi mara moja katika kanzu ile ya mwalimu. Ninachodai ni kidogo zaidi: mwandishi ayasikie mazungumzo jinsi yalivyo, pamoja na “ila” zake, pamoja na kucheka kabla ya kusema kweli, pamoja na kunyamaza. Na mhakiki asimhukumu mhusika kabla ya kumsikiliza.

Wengine watasema kwamba haya ni mambo ya wasomi tu. Siyo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika kifungu cha 217, iliurithi kutoka ukoloni msimamo kwamba kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho, mpaka Mahakama Kuu ilipokitamka mwezi wa Januari 2025 kuwa kinyume cha katiba. Sheria ya namna hii nayo ni maneno, na maneno yake humwambia mgonjwa lile lile ambalo fimbo ya Zakaria ilimwambia Rosa, kwamba akisema ataadhibiwa. Kijana wa Usa River angejuaje kama mwenye kumwuliza ni mama au ni askari? Pale ambapo kusema kweli ni hatari, “sijambo” itaendelea kuwa ya mdomoni, na takwimu zetu zote zitakuwa takwimu za midomo.

Basi kazi iliyo mbele yetu, sisi wa taasisi za lugha, ni tatu. Kwanza, wenye kutunga kamusi wayakusanye maneno ya huzuni na ya maradhi ya akili kutoka vinywani mwa watu, sokoni, kilabuni, kliniki na barazani, wala si kutoka kamusi za zamani tu. Na kila neno waonyeshe nani humwambia nani. Pili, wenye kuunda istilahi wafuate njia ya “sonona”, yaani walitafute kwanza neno lililo hai kabla ya kubuni au kuazima. Tatu, wenye kufundisha fasihi wawape wanafunzi wao Rosa Mistika na Kichwamaji bila ya kuwapa siku hiyo hiyo jibu la kuandika katika mtihani. Wawaache wakae na vitabu hivyo kidogo. Katika kila darasa yuko mmoja ambaye Kazimoto anasema habari zake, na mwalimu hamjui.

Nilirudi kijijini kule msimu wa mvua uliofuata. Kijana alikuwapo, akipogoa mibuni. Nilimsalimu. Akanijibu, “Sijambo.” Sikumwuliza ilikuwa ya wapi, kwa kuwa mimi bado ni mgeni kwake, na lugha yetu yanipa adabu ya kungoja. Lakini alisimama akaniuliza na mimi, “Na wewe, mzee, hujambo?” Kisha akaitua panga yake chini, akangoja jibu.